Kaskazini mwa Uskoti kwa gari: mnyama humjia aliyezima injini

Watu wengi wanaokwenda kaskazini mwa Uskoti kwa gari hufuata mzunguko unaoitwa North Coast 500. Ulianza kutangazwa mwaka 2015. Unaanzia Inverness, unapanda pwani ya mashariki hadi John o' Groats, unakata juu kabisa ya nchi, unashuka pwani ya magharibi na kurudi pale pale ulipoanzia. Jumla yake ni maili 516, kama kilomita 830. Wapo wanaoumaliza kwa siku nne au tano. Ukitaka barabara na mandhari, inawezekana. Ukitaka wanyama na ndege, utawapita tu, tena wengi wao hutajua kwamba umewapita.

Mimi na mdogo wangu wa kike tulikwenda kwa ajili ya wanyama, kwa hiyo tuliukata huo mzunguko kabla hatujatoka nyumbani. Tulichukua kipande cha juu tu, kuanzia Duncansby Head, kona ya kaskazini mashariki, hadi kisiwa cha Handa upande wa magharibi, na tukakipa likizo nzima ya mwezi Juni. Kipande hicho ukikiendesha bila kusimama, asubuhi moja inatosha. Tuliowaambia mpango wetu walidhani tutachoka kwa kukaa. Hatukuchoka, na nikipata nafasi nyingine nitakwenda hivyo hivyo.

Nianze na barabara, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Uskoti wanaendesha kushoto, kwa hiyo kwa dereva wa Kenya, Tanzania au Uganda upande wa usukani hauna ugeni. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni halali ya nchi yake hadi miezi 12, ingawa kampuni za kukodisha magari zina masharti yao kuhusu umri na muda uliokaa na leseni. Vibao vya mwendo ni vya maili. Huko kote hakuna tabu.

Tabu inaanza ukishaiacha Thurso kwenda magharibi. Barabara ile ile iliyochorwa nene kwenye ramani inabana, inapanuka kidogo, inabana tena, na sehemu kubwa ya njia hadi Durness ina upana wa gari moja tu, huku magari ya pande zote mbili yakiitegemea. Kila baada ya umbali mfupi wamepanua kando kidogo na kusimika kibao: nafasi ya kupishana. Sheria yake ni fupi. Ikiwa nafasi iko kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa iko kulia, simama mkabala nayo ili mwenzako aingie yeye. Usivuke kwenda upande wake. Anayepanda mlima apewe njia. Mkipishana, nyanyua mkono. Pia, na hili wageni hulisahau kila siku, nafasi hizo ni za kumpisha aliye nyuma yako. Wewe uko likizo, lakini aliye nyuma yako huenda ni muuguzi anayewahi zamu, au mzazi anayekwenda kumchukua mtoto shule iliyo maili 20 kutoka kwake. Kumburuza mtu huyo nyuma yako kwa nusu saa kwa sababu unatazama bahari ni kumkosea adabu kwenye njia yake mwenyewe. Nililichukulia jambo hili kwa uzito kuliko kitu kingine chochote katika safari. Kioo cha nyuma nilikitazama kila mara, na nilipoona taa za gari niliingia pembeni hata kama mwenzangu hakuonyesha haraka.

Nafasi za kupishana si za kuegesha. Hapo ndipo penye mtihani kwa mpenda wanyama, kwa sababu kitu kizuri hutokea pale ambapo huwezi kusimama. Sisi tulijiwekea utaratibu tangu siku ya kwanza: aliyeshika usukani hatazami wanyama kabisa. Aliye kushoto ndiye macho. Mdogo wangu akisema, "Dada, kuna kitu juu ya mwamba, mkono wa kushoto," mimi sigeuzi shingo. Ninakwenda hadi kwenye maegesho halisi, ninazima gari, tunarudi kwa miguu. Usiku, kabla ya kulala, tulikuwa tunatia alama kwenye ramani ya karatasi kila maegesho ya siku inayofuata, hata yale madogo ya kokoto yasiyo na jina. Ramani ya karatasi ni muhimu huko. Mtandao wa simu unakata kwenye mabonde mengi, na unakata bila taarifa.

Mengine ya barabarani nitayasema haraka. Jaza mafuta ukifika nusu tanki, usisubiri taa. Kondoo hulala juu ya lami, hasa jioni. Ukiona mwanakondoo upande mmoja na mama yake upande wa pili, jua kwamba mmoja wao atavuka. Kulungu wekundu hushuka barabarani giza linapoanza kuingia, na wa kwanza kuvuka ni nadra kuwa peke yake. Upepo nao una nguvu ya kung'oa mlango wa gari: egesha pua ikiuelekea, na ushike mlango kwa mikono miwili kabla hujafungua kitasa.

Sasa maji.

Anayejua bamvua na maji mafu ataielewa pwani hii upesi kuliko mtalii aliyetoka bara. Ratiba yetu haikufuata saa za chakula wala saa za maduka. Ilifuata kujaa na kupwa. Somo hilo tulilipata hata kabla ya kufika kaskazini, kwenye ncha ya Chanonry Point karibu na Inverness, ambapo nchi kavu inaingia ndani ya ghuba ya Moray Firth na kuacha mlango mwembamba wa maji. Pomboo wa Moray Firth, ambao ni mia mbili na ushei, ni wa aina ile ile inayopatikana Bahari ya Hindi, lakini baridi imewafanya wawe na miili mikubwa na minene kuliko jamaa zao wa maji ya joto. Wanapafahamu pale. Maji yakishapwa na kuanza kurudi, samaki aina ya samoni wanasukumwa kupita kwenye huo mlango, na pomboo wanakuja kuwasubiri. Kuna watu waliofika kabla yetu, maji yakiwa bado yanatoka. Walikaa dakika kumi, wakaona bahari tupu, wakaondoka. Sisi tulikuwa na jedwali la maji mkononi, tukabaki. Maji yalipogeuka ilitokea michirizi juu ya mkondo, kisha pezi, kisha mgongo mzima wa kijivu ukapita karibu na kokoto kiasi cha kusikia pumzi yake inavyotoka kwa kishindo kifupi. Mmoja alirusha samoni hewani, akamdaka kichwa kwanza.

Fisi-maji ndiye aliyetufundisha zaidi. Watu humdhania ni mnyama wa mitoni tu, na ni kweli yumo mitoni, lakini kwenye pwani ya Uskoti wapo wengi wanaovua baharini, na huko hawaendi usiku peke yake. Wanafuata maji. Yakiwa yamepwa, msitu wa mwani ulio chini unakuwa karibu na uso wa bahari, na kaa na samaki wadogo waliomo wanakuwa rahisi kufikiwa. Manyoya yake lazima yasuuzwe chumvi, la sivyo hayashiki joto, kwa hiyo hakai mbali na kijito au kidimbwi cha maji yasiyo na chumvi. Ukiyaweka mambo mawili hayo pamoja, yaani mwani mwingi na kijito kinachomwagika ufukoni, umeshapata mahali pa kungojea.

Tulingojea kwenye Loch Eriboll, ambao kwa jina ni ziwa lakini kwa kweli ni mkono mrefu wa bahari wenye kina kirefu, ulioingia kusini kati ya milima. Mwaka 1945, vita ilipokwisha, ndimo nyambizi za Ujerumani zilimoletwa kujisalimisha. Barabara inauzunguka wote, na madereva wengi hulalamikia mzunguko huo kwa kuwa unawarudisha karibu na walikotoka. Kwetu ulikuwa ndio moyo wa safari.

Tuliegesha juu kidogo ya ufuko, upepo ukitoka majini kuja kwetu. Jambo la upepo lisipuuzwe, kwa sababu fisi-maji haoni vizuri mbali ila pua yake ni kali mno. Ukikaa upande unaopeleka harufu yako kwake, utakesha bure. Tukashusha kioo, tukanyamaza. Gari lililozimwa ni maficho bora kuliko mtu yeyote aliyejikunyata kwenye jiwe na koti la rangi. Saa ilipita kukiwa na mwani unaoyumba na ndege wa ufukoni wanaohangaika. Kisha mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada, ule si mwani. Unakwenda kinyume na maji."

Ndivyo anavyotambulika. Kila kinachoelea kinafuata mkondo, yeye anaukata. Kwa darubini tuliona vipande vitatu juu ya maji, kichwa bapa, mgongo kidogo, ncha ya mkia; kisha mgongo ukapinda, mkia ukasimama, na pakabaki mapovu. Alipoibuka alikuwa anatafuna, kichwa juu, meno yakisikika. Akipata samaki mdogo humla hapo hapo majini. Akipata kikubwa hukileta nchi kavu, na ndilo tulilokuwa tunaliomba. Alitoka na kaa, akapanda juu ya mwani uliolala mwambani, akamgeuza mgongo chini na kuanza na miguu. Manyoya yaliyolowa yalikuwa yamesimama miiba miiba. Alipomaliza alijiviringisha kwenye mwani, akaacha choo kidogo juu ya jiwe lenye nyasi za kijani kibichi kuliko za jirani, akaingia kijitoni kujisuuza. Jiwe la namna hiyo, lenye kichuguu cha majani mabichi, ni alama ya kuaminika kwamba fisi-maji hupita hapo mara kwa mara. Mbolea yao ndiyo inayolirutubisha. Tangu siku hiyo tuliyatafuta mawe hayo kwanza kila tulikosimama.

Wakati huo wote magari yalikuwa yanapita nyuma yetu. Hakuna aliyesimama, na sioni sababu ya kuwalaumu, kwa sababu kutoka barabarani palikuwa na ufuko tu.

Sili ni rahisi zaidi, na kwa sababu hiyo wanahitaji huruma zaidi. Mahali pazuri ni tuta la Kyle of Tongue, barabara iliyojengwa mwaka 1971 kukatisha mlango wa bahari, ikiwafupishia wenyeji safari ya kuuzunguka. Kuna maegesho juu ya tuta lenyewe. Maji yakipwa, mafungu ya mchanga yanatokeza na sili wanajikokota kuja kuota jua, huku mlima Ben Loyal ukiwa umesimama nyuma na vilele vyake vilivyochongoka. Wako wa aina mbili. Sili wa kijivu ana pua ndefu iliyonyooka na matundu yaliyoachana. Yule mwingine ana uso mfupi wa mviringo na matundu yaliyokaribiana chini. Mwezi Juni ndio sili wa uso mfupi wanaanza kuzaa, na mtoto wake anaweza kuogelea saa chache tu baada ya kuzaliwa.

Sili aliyetulia hulala amejipinda kama mtumbwi, kichwa juu na mkia juu, asilowe. Akinyoosha shingo na kukutazama, umeshakaribia mno. Wakianza kusogea majini wote kwa pamoja, umewanyima mapumziko waliyoyahitaji, na mama anaweza kutenganishwa na mtoto kwa sababu ya picha ya simu. Sheria ya bahari ya Uskoti ya mwaka 2010 inafanya kuwasumbua sili makusudi, kwenye maeneo yao ya kupumzikia yaliyotengwa, kuwa kosa la jinai. Mimi ningependa hata pasingekuwa na sheria mtu aone tu shingo zile zikinyooka na arudi nyuma. Tuliwatazama kutoka garini. Darubini ya kawaida ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, ukiiegemeza kwenye mfuko mdogo wa mchele uliowekwa juu ya kioo, inakuonyesha hadi sharubu.

Kwa ndege, nenda Dunnet Head. Wengi hupiga picha kwenye kibao cha John o' Groats wakidhani wamefika mwisho wa kaskazini, kumbe rasi ya Dunnet ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Uingereza. Mnara wake wa taa ulijengwa na Robert Stevenson mwaka 1831. Magenge yanashuka wima karibu mita mia moja, na kwenye kila kidato cha jiwe mwezi Juni kuna ndege. Harufu inakufikia kabla hujafika ukingoni: samaki na kinyesi. Kelele nazo hazikatiki.

Pafini ndiye kila mtu anamtaka, kwa ule mdomo wake wa rangi. Huja nchi kavu kama Aprili, hutaga yai moja tu kwa mwaka ndani ya shimo kwenye udongo ulio juu ya genge, na ikifika mwanzoni mwa Agosti ameshaondoka kurudi bahari kuu. Anayekwenda mwishoni mwa Agosti kwa ajili yake hatamkuta. Nenda jioni, wanaporudi na samaki midomoni. Juni jua huzama huko saa nne na nusu usiku na kuchomoza saa kumi alfajiri, na katikati yake giza halikamiliki. Kwa hiyo jioni ni ndefu, na magari ya watalii yameshaondoka.

Ila nilikaa zaidi kuwatazama gilimoti, ndege weusi-weupe wanaosimama wima wakibanana bega kwa bega. Hawajengi kiota. Yai liko juu ya jiwe tupu, limechongoka upande mmoja, baina ya miguu ya mzazi, na pembeni kuna anguko la mita mia. Kifaranga akifika wiki tatu hivi, kabla mabawa yake hayajaweza kuruka, hujirusha kutoka gengeni jioni. Baba yake anamngoja majini, anamwita kwa sauti, na wakikutana wanaogelea pamoja kwenda bahari kuu, ambako baba huendelea kumlisha kwa wiki kadhaa. Sisi tuliwahi mno kuona kuruka kwenyewe; huwa ni kuanzia mwisho wa Juni na Julai. Lakini kuwaona vifaranga wakichungulia chini ya bawa, ukijua kinachowangoja, kulinifanya nishindwe kuondoka hata baridi iliponiingia mifupani.

Ndege hawa wanategemea samaki wadogo wembamba wanaojifukia mchangani, na kwa miaka mingi samaki hao walivuliwa kwa wingi kwa ajili ya chakula cha mifugo na mafuta. Machi 2024 serikali ya Uskoti ilifunga uvuvi huo katika maji yake yote. Niliposimama pale juu niliona kwa macho maana yake: kila pafini aliyerudi alikuwa na safu ya vijisamaki hivyo vinaning'inia mdomoni.

Duncansby Head, upande wa mashariki, tulikwenda kutafuta orka, wale wanaoitwa pia nyangumi wauaji. Mbele yake kuna Pentland Firth, mlango bahari unaotenganisha bara na visiwa vya Orkney, wenye mikondo ya kasi kubwa kuliko karibu popote pengine duniani. Baadhi ya orka wanaoonekana hapo majira ya joto hushinda majira ya baridi Iceland wakifuata samaki. Wamejulikana kwa picha za mapezi, maana kila pezi lina umbo na makovu yake. Hatukuwaona. Tuliona nyangumi mmoja mdogo wa aina ya minke akipita mara mbili, na saa nyingi za maji yanayochemka. Tulikuta watu wenye darubini za miguu mitatu wanaokwenda pale kila mwaka, nao wakatuonyesha namna ya kutazama: usikimbize macho, chagua kipande kimoja cha bahari, ukae nacho, angalia ndege wanakusanyika wapi. Hilo pekee lilitosha kuifanya safari ya pale kuwa na faida.

Kuna jambo jingine nisingependa kulipita. Ukiwa Bettyhill, ingia kwenye jumba dogo la makumbusho la Strathnaver, lililo ndani ya kanisa la zamani. Bonde la Strathnaver lililo nyuma ya kijiji leo ni kimya, zuri, lina kulungu na ndege wa mtoni, na wageni husifu kwamba ni pori halisi. Lilikuwa na vijiji. Mwaka 1814, na tena 1819, wapangaji waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa ili ardhi igeuzwe malisho ya kondoo, na familia nyingi zikasukumwa kwenye vipande vyembamba vya pwani hii hii, kwenye mawe na upepo, zijifunze uvuvi. Jina la Bettyhill lenyewe linamkumbuka Elizabeth, Kontesi wa Sutherland, aliyekuwa mmiliki wa ardhi ile. Baada ya kuona misingi ya nyumba zile kwenye nyasi, sikuweza tena kuuita upweke wa mahali pale zawadi ya asili, na nilielewa kwa nini wenyeji huumia mgeni anapotupa taka au kufunga njia kana kwamba hapana mwenyewe.

Kulala na kula sitakawia nako. Weka nafasi mapema sana kwa Juni na Julai, chagua nyumba mbili au tatu za kukaa siku kadhaa badala ya kuhama kila usiku, na ununue chakula kabla ya Jumapili. Visubi wa huko ni wadogo kuliko punje ya ufuta na huuma kwa maelfu. Wanatoka Mei hadi Septemba, hasa alfajiri na jioni pasipo upepo. Upepo kidogo tu unawafukuza, kwa hiyo siku tulivu ya kupendeza ndiyo ya kuvaa wavu wa kichwani. Kagua mwili kila usiku kutafuta kupe, kwa kuwa wanaeneza ugonjwa wa Lyme, na ingiza suruali ndani ya soksi ukipita kwenye nyasi ndefu.

Handa tuliiacha mwisho. Boti ndogo hutoka Tarbet, kaskazini mwa Scourie, kuanzia Aprili hadi mapema Septemba, isipokuwa Jumapili, na bahari ikichafuka haitoki. Ndiyo sababu ya kukaa karibu kwa siku zaidi ya moja. Wengi waliofika asubuhi ile ya upepo wakakuta boti imezuiwa walilazimika kuendelea na ratiba zao, na sisi tulivuka kesho yake. Watu waliokuwa wakiishi Handa waliondoka baada ya viazi kuoza miaka ya 1840. Sasa kisiwa kinaangaliwa na Scottish Wildlife Trust, na majira ya joto hupokea ndege wa baharini karibu 100,000. Kukizunguka kwa miguu ni kilomita sita hivi, sehemu kubwa ukipita juu ya mbao, na hairuhusiwi kuziacha.

Katikati ya kisiwa ni himaya ya skua, ndege mkubwa wa kahawia anayeshuka kichwani kwako ukikaribia kiota chake. Mafua ya ndege yaliwamaliza vibaya. Mwaka 2022 wageni walizuiwa kushuka Handa, na hesabu ya mwaka uliofuata ilionyesha kwamba skua hao wamepungua nchini kote kwa zaidi ya robo tatu. Mhifadhi wa kujitolea aliyetupokea gatini alituonyesha mteremko ambao zamani, alisema, usingeweza kuupita bila kuinamisha kichwa. Tuliupita tumesimama wima. Mbele kidogo jozi moja ilikuwa imetaga karibu na njia, na dume likapita juu yetu kwa hasira, upepo wa mabawa yake tukausikia masikioni. Tulifurahi sana. Tukasogea haraka tusimtoe mwenzake kwenye mayai.

Nikijaliwa, nitarudi mwisho wa Oktoba. Wakati huo pafini na gilimoti hawapo magengeni, boti ya Handa imeshafungwa na mchana ni mfupi, lakini ndipo sili wa kijivu wanapozaa kwenye mdomo wa Loch Eriboll na fuko zilizo chini ya magenge ya Whiten Head, watoto wao wakiwa na manyoya meupe wasiyoweza bado kuogelea nayo. Watoto hao hawakaribiwi. Mpango ni kukaa Durness au Tongue, kubeba darubini yenye nguvu zaidi ya ile ya mara ya kwanza, na kutazama kutoka juu, mbali, siku zenye upepo wa kusini. Mdogo wangu ameshaanza kutafuta jedwali la maji la mwezi huo.